Tazama Mikono Kwanza

Nianze na mikono, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuanzia hapo. Ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake, vidole vimegeuka rangi ya hudhurungi kwa dawa za kusafishia picha, na kucha nyeusi ambazo hakuna sabuni iliyoziweza, hata zama zile sabuni ilipokuwa ikipatikana. Akikupa mkono ulibaki na harufu kali ya siki mpaka ukanawe. Picha aliishika kingoni tu, kwa ncha za vidole, kana kwamba inaunguza. Watu nao aliwashika hivyo hivyo, akiwageuza kidevu kidogo kulia, kidogo kushoto, bila kuwaambia neno.

Amekufa sasa, na picha yake hakuna hata moja. Ngamiani nzima, hapa Tanga, tulimwita Mpiga Picha, na sidhani kama wengi walijua jina lake jingine. Binti yake aliponiuliza siku ya matanga kama ninayo hata ile ndogo ya pasipoti, nilimjibu sina, nikaona haya bila sababu. Bila sababu, nasema, kwa kuwa mzee yule alinidanganya kwa miaka kumi na mmoja juu ya jambo moja tu nililolitaka hapa duniani, nalo lilikuwa kuuona uso wa mama yangu. Kwa hiyo namwandika. Nitasema niliyoyaona, na nisichokiona nitakiacha. Yeye hakunitendea hivyo.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, na ukutani palining'inia pazia lililochorwa ngazi za jumba la Kizungu na ziwa lenye ndege weupe ambao hakuna mtu Tanga aliyewajua. Koti la kuazima lilikuwa moja, la kijivu, limepasuliwa mgongoni ili liwaenee wanene. Mbele huoni kitu. Saa ya mkononi ilikuwa moja, imekufa saa kumi na dakika kumi. Ukizunguka nyumba za Ngamiani ukatazama picha za ukutani utaona waume wa mitaa yote wameoa wakiwa na koti hilo hilo, wote saa kumi na dakika kumi. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka. "Koti hili limeoa mara nyingi kuliko sultani," alisema, "na halijaacha hata mmoja."

Sasa jambo langu. Mama alikufa nikiwa na siku arobaini. Alipigwa picha mara moja tu maishani mwake, akiwa bi harusi, papo hapo studio, wakati ule ikiwa ya Muhindi mmoja na Mpiga Picha akiwa mfanyakazi wake. Picha ilitundikwa kwa Bibi, mama wa mama, aliyenilea. Nilipokuwa na miaka mitatu, masika moja paa likavuja, maji yakaingia ndani ya fremu, na Bibi alipojaribu kuibandua picha uso wote ukachunika. Kilichobaki ni kadi ya nyuma yenye mhuri wa studio na namba ya penseli: 417. Bibi aliificha kadi ile, akiogopa nisije nikawa mtoto wa huzuni. Alinipa nikiwa mtu mzima, nilipohamishwa kutoka Handeni kuja kufundisha shule ya msingi Mabawa, mwaka ule vita vya Uganda vilipokwisha na maduka yakabaki rafu tupu. "Nenda nayo," alisema. "Muhindi yule hakuwa akitupa kitu."

Muhindi alikuwa ameshahama nchi. Alimwachia mfanyakazi wake kamera, pazia, koti, na chumba cha nyuma kilichojaa picha za kwenye vioo, zile za kabla ya filamu, ambapo sura ya mtu ilikaa kinyume juu ya kioo na kutoka hapo ndipo nakala zilipotolewa. Kila kioo kilikuwa na namba. Nilijitambulisha, nikafungua pindo la kanga, nikampa kadi. Aliisoma. Kisha akanitazama usoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akaingia chumba cha nyuma. Nilisikia vioo vikigongana kimoja kimoja, halafu kimya. Alipotoka alikuwa ameweka mikono nyuma.

"Kipo," alisema.

"Alhamdulillahi. Basi naomba nakala, mzee."

"Karatasi za picha hakuna, mwalimu. Tanga nzima hakuna. Ikija, n'takutolea weye wa kwanza."

"Basi nikione hicho kioo."

"Kwenye kioo mambo yote kinyume. Utamwona mamaako meno meusi, nywele nyeupe, mboni nyeupe kama jini. Hiyo ndiyo unataka iwe mara yako ya kwanza?"

Sikutaka. Nani angetaka? Nadhani alinionea huruma, kwa sababu alisema, "Lakini n'takwambia alivyo. Ana kicheko cha upande mmoja, huu wa kushoto. Amejaribu kukizuia, shavu limemkatalia."

Nilikwenda nyumbani karibu nikimbie, nikamwambia Bibi. Bibi alifumba macho. "Ndivyo," alisema. "Ndivyo hasa alivyokuwa."

Tangu hapo nikawa napita studio kila Alhamisi nikitoka shule. Mwanzoni nilikwenda kuuliza karatasi. Baadaye nilikwenda kusikia. Kila mara alikuwa na kitu kipya cha kunipa: kwamba mama ameinamisha shingo kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni, kwamba ana nyusi nzito na moja iko juu kuliko mwenzake, kwamba kabla ya kupigwa aliomba maji, na ukitazama vizuri utaona midomo ingali na unyevu. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye darasa la watoto hamsini, na nilikaa kwenye kile kiti cha studio nikimeza kila neno. Hakuna mtu aliyewahi kunipa mama kwa vipande hivyo. Nilimpenda kwa ajili hiyo, na sitalifuta neno hili japo nimejaribu.

Wakati hana wateja, na siku hizo wateja walikuwa wachache, alitoa sanduku la nakala za zamani ambazo wenyewe hawakuzijia, akanifundisha kuzitazama. Mie, kama watu wote, nilikimbilia uso. Alinifunika uso kwa kidole gumba. "Uso umeshafundishwa," alisema. "Tangu mtu mdogo anaambiwa cheka, nyamaza, usikunje. Mikono hakuna aliyeifundisha. Tazama mikono kwanza."

Alinionyesha maharusi wa siku tatu. Mume amekaa, mke amesimama, mkono wake begani mwa mume kama inavyotakiwa. Nyuso zimetulia. Lakini kidole gumba cha mke kilikuwa kimefichwa ndani ya ngumi. "Huyu hakukaa," Mpiga Picha alisema. "Alirudi kwao kabla ya Ramadhani." Alinionyesha baba aliyemshika mwanawe bega hata kitambaa cha shati kikafanya mikunjo, na akaniuliza ni nani hapo anayemwogopa mwenzake. Nilisema mtoto. Akatikisa kichwa. "Baba. Anaogopa mtoto asije akatoka kwenye picha."

Iko moja ambayo sijaisahau. Mama wa makamo amekaa, mkono wake wa kulia umelala juu ya mgongo wa kiti cha pembeni, na kiti hakina mtu. Mwanawe alikuwa baharia aliyeondoka na meli asirudi tena, na mama akataka wawe pamoja katika picha moja. Muhindi alimpiga hivyo, na kiti kitupu, ili baadaye akate sura ya kijana kutoka picha nyingine na kumgandisha hapo. Kazi ilifanyika vizuri sana, hukuona mshono. Mama yule alikuja, akatazama ile ya wawili, akatazama ile ya kiti kitupu, akachukua ya kiti kitupu. "Hii ndiyo yangu," alisema. Nyingine aliiacha mezani.

Nimesema nitayasema niliyoyaona, basi niseme na mambo yake yasiyopatana. Alikuwa mtu wa sala tano. Ikiadhiniwa alifunika picha zote za ukutani kwa shuka moja refu, akasali, akazifunua. Nyumbani kwake hapakuwa na picha hata ya kalenda. Siku moja jirani wa msikitini alimwambia mbele yangu kwamba Siku ya Kiyama ataambiwa azipulizie roho sura zote alizozitengeneza. Nilidhani atamjibu, kwa kuwa ulimi alikuwa nao. Alitazama kucha zake tu, na siku hiyo hakunieleza chochote juu ya mama.

Yeye mwenyewe hakukubali kupigwa. Nilimwambia mara moja anioneshe kamera inavyofyatuliwa nimpige. "Mie najua picha zinavyosomwa," alisema, na akaondoa kamera mikononi mwangu.

Watoto aliwafokea, kisha akiwainamia kuwaweka sawa alikuwa mpole kuliko mama zao. Alikuwa na penseli nyembamba ya kufutia makovu ya ndui na chunusi, na aliwafuta watu makovu hata wasipoomba. Lakini machozi hakuyafuta. Mtu akipigwa akiwa ametoka kulia, alimwachia macho yake vile vile yaliyovimba, na akilalamika alimwambia, "Hayo umekuja nayo mwenyewe."

Kisa cha Idi nilipaswa kukielewa mapema. Mwaka mmoja wa shida, Idi ikaja, na watu wakaja studio kama desturi: mabinti wamepakwa hina, watoto wamevaa nguo zilizoshonwa kwa mapazia kwa sababu vitambaa havikuwapo, wazee wanangoja koti kwa zamu. Yeye hakuwa na filamu hata moja. Hakuwaambia. Aliwapanga mmoja mmoja mbele ya pazia, akawageuza kidevu, akawaambia watulie, akafyatua kamera tupu. Alifanya hivyo tangu asubuhi hadi alasiri, akikataa kupokea chochote mpaka picha zitoke. Miezi miwili baadaye aliwaambia joto limeharibu filamu.

"Kwa nini hukuwaambia ukweli?" nilimwuliza.

"Ungewaona walivyokuja," alisema. "Wamevaa. Sasa nami niwaambie rudini, mkavue? Angalau siku ile kila mtu alitazamwa."

Nilicheka, nikamwambia, "Weye mzee ni balaa." Niliona ni kisa kizuri cha kumsimulia Bibi. Sikujiuliza kama mie nami nimo katika wale waliopangwa mbele ya kamera tupu.

Karatasi ziliendelea kukosekana. Kuna wakati zilipita za magendo kutoka Mombasa, ndogo, za pasipoti, zilizokwisha muda wake, na nikamwambia basi nitolee hata uso tu, hata mdogo kama kucha. Alikataa. "Mamaako si mtu wa pasipoti," alisema. Bibi alikuwa ameanza kuugua miguu, kisha moyo. Kila Alhamisi nikirudi aliniuliza kutoka kitandani, "Bado karatasi?" nami nikamjibu bado, lakini mzee kasema shingo yake iko hivi, jicho lake liko hivi, na Bibi akaitikia ndivyo, ndivyo. Wiki zake za mwisho hakuuliza tena. Alikufa hajamwona mwanawe mara ya pili, na nilipokwenda kumwambia Mpiga Picha, alikaa chini kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono yake ile mikubwa kichwani. Nilidhani analia kwa ajili yangu.

Mwaka wa kwanza wa kujuana kwetu alinipa zawadi. Nilikuwa na picha yangu ya chuo cha ualimu, imejikunja pembe, naiweka ndani ya kitabu. Aliiona akaichukua. Juma la pili alinirudishia imo ndani ya fremu ya mbao ya mninga, na kioo safi mbele yake, wakati ambapo vioo havikuwapo mjini hata vya dirisha na watu walikuwa wanaziba kwa maboksi. Nilimwuliza kioo amekipata wapi. "Ni cha zamani," alisema. "Ulaya. Usikiache kikavunjika, mwalimu." Alirudia tena nikiwa mlangoni, na kwa mtu asiyerudia maneno nililiona jambo hilo la ajabu kidogo, nikalisahau.

Halafu ikaja ruksa, wafanyabiashara wakaachiwa kuleta bidhaa. Sijui namna ya kuueleza wakati ule kwa aliyezaliwa baadaye: kulala na rafu tupu, kuamka na sabuni za rangi tatu. Mitumba ikajaa Ngamiani, redio, viatu, biskuti. Ikafunguliwa studio mpya yenye mashine ya kutoa picha za rangi kwa saa moja, na koti la kijivu likakosa wachumba. Na karatasi zikaja. Nilizinunua mwenyewe, pakiti nzima ya karatasi za picha nyeusi na nyeupe, nikampelekea Alhamisi moja, nikaiweka mezani mbele yake kwa furaha ya mtoto.

Aliitazama pakiti ile bila kuigusa. "Nipe wiki mbili," alisema. "Macho yangu si yale."

Wiki mbili zikapita. Alinikabidhi bahasha bila kuinua uso, akasema anakwenda kusali, na adhana ilikuwa bado. Nilifungua barabarani. Alikuwa msichana aliyevaa buibui la zamani lililorudishwa mabegani, nyusi nzito, macho makubwa, shingo imeinama kidogo. Nililia pale pale, watu wakipita na baiskeli zao. Nilimwona. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi na ndiyo kwanza namwona. Niliiweka ukutani kando ya picha yangu ya chuo, na kwa miaka miwili nilimsomea Fatiha kila Ijumaa, baada ya kusafisha chumba, nikiwa nimesimama mbele yake. Nilimtafuta kwenye kioo cha kujitazamia, nikamwona kwenye nyusi zangu. Kile kicheko cha upande mmoja nilikitafuta pia, na siku nyingine nilikiona.

Mikono sikuitazama. Miaka yote ile ya kufunikwa uso kwa kidole gumba, na siku ilipokuwa picha yangu mwenyewe nilikimbilia uso.

Aliyeitazama ni binti yangu. Alikuwa na miaka sita, anapenda kunyemelea jikoni nikikaanga, na siku moja nikamwambia kile ambacho Bibi alikuwa akiniambia mie: kwamba mama yangu akiwa mdogo alimwagikiwa mafuta ya vitumbua mkono wa kushoto, na kidole chake kidogo kikagandana na mwenzake maisha yake yote. Mtoto alisikiliza, akaenda chumbani, nikasikia kiti kikiburutwa. Akarudi.

"Mama, mbona vidole vya bibi wa kwenye picha viko vitano?"

Nilizima jiko. Nilikwenda nikasimama mbele ya picha. Mikono ya msichana yule ilikuwa imetulia mapajani, imefunguka, mizuri, vidole kumi, kila kimoja peke yake.

Alasiri ile ile nilikwenda. Studio ilikuwa imeshapangishwa kwa muuza mitumba. Mpiga Picha alikuwa akikaa Mabawa kwa binti yake, si mbali na shule yangu, na nilikuwa sijapita kwa miezi. Nilimkuta barazani, juu ya kiti cha kamba, macho yote mawili yamefunikwa na utando mweupe. Mikono ilikuwa magotini. Rangi ya dawa ilikuwa haijatoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aligeuza kichwa. "Mwalimu. Leo si Alhamisi."

Sikukaa. Niliitoa picha kwenye mkoba nikamwekea mikononi. "Huyu ni nani?"

Aliishika kingoni, kama siku zote. Alipitisha kidole pembe hadi pembe, ingawa kwenye picha hakuna kitu cha kupapasa.

"Umetazama mikono," alisema.

"Mwanangu ndiye aliyetazama. Ni nani?"

"Simjui. Nilitafuta mwenye nyusi kama zako. Nilidhani utaona siku ile ile. Nilikwenda msikitini nikakaa nikikungoja uje unitukane. Hukuja."

"Mama yangu yuko wapi?"

Ndipo akanieleza, polepole, uso ameuelekeza pembeni yangu, kwa kuwa hakuwa akiniona. Shida zilipoanza, watu hawakuhitaji picha. Walihitaji vioo, vya taa, vya fremu, vya madirisha. Yeye alikuwa na chumba kizima cha vioo. Alivichemsha na magadi kwenye sufuria, sura ikaachana na kioo kama ngozi ya maziwa, akaimwaga uani. Kabla ya hapo alivichagua. Alivipitia vyote kwa namba, akisoma majina kwenye daftari la Muhindi, akaweka upande mmoja waliokufa, na upande mwingine walio hai.

"Nikasema, walio hai watarudi kutaka nakala," alisema. "Wafu nani atawajia? Nikaosha wafu kwanza. Hilo ndilo kosa langu, mwalimu. Walio hai hakuja hata mmoja. Wote waliokuja walikuja kutafuta wafu. Na weye ndiye uliyekuwa wa kwanza, miezi miwili tu baada ya mie kumwosha."

"Ulisema kipo."

"Kilikuwapo. Safi. Nilikishika mkononi mule ndani, namba yake pembeni, hakuna kitu juu yake. Nikasema n'takwenda kumwambia. Nikatoka, nikakuona ulivyosimama na ile kadi. Nikasema n'takwambia Alhamisi. Baada yako sikuosha tena hata kimoja, wallahi."

"Na yote uliyoniambia? Kicheko? Maji aliyoomba?"

"Walipita wengi. Simkumbuki."

"Uliyatoa wapi, mzee?"

"Kwako. Nilikuwa nakutazama weye. Ukinisikiliza unainamisha shingo. Ukijizuia kucheka shavu la kushoto linakukatalia. Nilichokiona ndicho nilichokwambia, ila nilisema ni chake." Akainua uso wake mweupe. "Na Bibi alikuwa akisema ndivyo. Si ulikuwa ukiniambia Bibi kasema ndivyo?"

Nilimchukia. Niliwaza Bibi kitandani na maswali yake ya karatasi, nikawaza Fatiha zote zile nilizomsomea mwanamke ambaye pengine yu hai, anauza samaki ufukoni Deep Sea, na picha yake ilikuwa ukutani kwangu kama ya marehemu. Binti wa mzee alitoka na kahawa kwenye sinia, akatuona, akarudi ndani nayo.

"Kioo chenyewe kiko wapi?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Kioo kitupu ni cha nini?

"Unacho," alisema. "Nilikupa mwaka ule ule. Nikakwambia usikivunje."

Nikaondoka. Sikumuaga, na ndiyo mara ya mwisho kumwona. Alipokufa miezi minne baadaye nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake, na kama nilivyosema, nikaulizwa picha.

Siku ile ya barazani, nilipofika nyumbani, niliitungua fremu ya mninga. Nilivuta misumari midogo ya nyuma kwa kisu, nikaitoa picha yangu, nikakitoa kioo. Nilisema moyoni, mtu huyu ni mwongo, na huu nao utakuwa uongo wake wa kunifariji, kama Idi ile. Nilikisogeza dirishani. Kwenye ukingo, mahali ambapo mbao ilikuwa imefunika, palikuwa na mikwaruzo midogo iliyochongwa kwa almasi ya kukatia kioo. Nne, moja, saba.

Nilikigeuza huku na huku kwenye mwanga wa jua, nikakiinamisha, nikakisogeza karibu na jicho, nikitafuta hata kivuli cha nyusi, hata ukungu. Niliona uani kwetu, kamba ya nguo, na binti yangu akiosha kikombe. Hakikuwa na doa. Kila Ijumaa kwa miaka kumi nilikuwa nimekipangusa mwenyewe, kwa siki na kitambaa laini, na wageni walipoingia walikuwa wakinisifu kwa jinsi kinavyong'aa.